Uraka kupewa nyota moja ni uonevu

Wadau, kuna kaka mmoja pale Masasi, jina kapuni, anajulikana mtandaoni kwa kuonja vinywaji na kuvipa nyota. Juzi kati kaweka mezani mvinyo wa Dodoma, wa Afrika Kusini, na uraka wa mabibo kutoka Newala. Za chupa zikapata nyota nne na tano. Uraka ukaambulia moja, na kicheko juu.

Tuwe wakweli. Mvinyo wa zabibu ukishafungwa kwenye chupa unakaa hata miaka. Uraka hauna maisha hayo. Bibo likidondoka, siku moja tu linaanza kuharibika, na juisi yake inachacha fasta: leo tamu, keshokutwa siki. Ule wa jamaa ulishuka mlima kwenye dumu, juu ya bodaboda, ukalala, ndipo ukaonjwa. Chupa zilitoka kwenye friji. Mashindano gani hayo?

Na ule ukakasi aliouponda, mbona hata mvinyo mwekundu unao? Kwenye glasi ndefu anauita ladha ya kishua, kwenye kikombe cha plastiki anauita ushamba.

Anayeumia ni mama muuzaji wa Newala. Hela ya korosho inasubiri mnada, ya uraka inaingia jioni ileile.

Kaka, msimu ukifika panda Newala, onja siku ileile ulipokamuliwa, halafu toa nyota zako. Hata ukitoa mbili, tutakuelewa.

Wadau mnasemaje, uraka haujaonewa hapo?