Kura ya Mawakili na Amani ya Nyumba

Uchaguzi wa wabunge hujulikana na kila mtu, kwani huandamana na ngoma na mikutano ya hadhara. Upo uchaguzi mwingine ambao hufanyika kimya, bila mabango wala nderemo, lakini matokeo yake huingia hata katika nyumba za watu wasiojua kwamba kura ilipigwa. Huo ni uchaguzi wa kamati za vyama vya wanasheria. Tuutazame kwanza huko Uingereza, kisha tuone jinsi jambo hilo linavyotuhusu sisi hapa Uganda.

Katika nchi ya Uingereza na Wales kimo chama cha mawakili wa mambo ya familia kiitwacho Resolution. Kiliasisiwa mwaka 1982, kwa juhudi za wakili John Cornwell wa London, na jina hili kililichukua mwaka 2005. Waasisi wake walichoshwa na desturi ya mawakili kuandikiana barua kali kwa niaba ya mume na mke waliogombana, hata ugomvi mdogo ukawa moto mkubwa. Wapiganapo tembo, nyasi ndizo ziumiazo. Na nyasi katika vita vya ndoa ni watoto. Kwa hiyo mwanachama huahidi kufuata kanuni: kupunguza uhasama, kutanguliza maslahi ya watoto, na kutafuta suluhu kabla ya kukimbilia hukumu.

Chama hicho kina Kamati ya Taifa, na wanachama ndio wanaowapigia kura wenzao wanaogombea ujumbe. Hapa askari ataona tofauti na maisha ya kambini. Askari hupewa cheo na wakubwa wake, na amri yake hutiiwa. Mjumbe wa kamati hupewa nafasi na watu walio sawa naye, wala hana amri ya kumpa yeyote. Silaha yake ni hoja na mwenendo wake. Basi yapasa apimwe kwa kipimo kingine. Wingi wa kesi alizoshinda hautoshi. La kuuliza ni hili: je, upande alioushinda ulitoka mahakamani ukiwa bado unaweza kusema na upande wa pili juu ya karo na malezi ya watoto?

Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya mawakili wenyewe. Sivyo. Kwa miaka mingi sheria ya Uingereza ilimlazimisha mtu atakaye talaka amshitaki mwenzake kwa kosa, au asubiri miaka ya kutengana. Mwezi wa Julai 2018, katika kesi ya Owens, Mahakama ya Juu iliamua kwamba mke hawezi kupewa talaka, ijapokuwa ndoa yenyewe ilikwisha kuvunjika. Chama hiki kilikuwa kimeingia katika kesi hiyo kutoa hoja zake, na kilikuwa kikidai kwa miaka mingi sheria ibadilishwe. Bunge lilipitisha sheria mpya mwaka 2020, ikaanza kutumika tarehe 6 Aprili 2022. Sasa hakuna haja ya kuthibitisha kosa. Bali lazima zipite wiki 20 kabla ya amri ya kwanza, na wiki 6 nyingine kabla ya ile ya mwisho.

Na hapa Uganda? Sheria ya Talaka ya mwaka 1904 ilifuata mfano wa sheria ya Kiingereza ya mwaka 1857. Mume alitakiwa kuthibitisha uzinzi wa mkewe tu. Mke alitakiwa kuthibitisha uzinzi na juu yake kosa jingine, kama vile ukatili au kutelekezwa. Waingereza waliiondoa tofauti hiyo kwao mwaka 1923. Kwetu ilibaki. Chama cha Wanasheria Wanawake, FIDA, kilichoanzishwa mwaka 1974, ndicho kilichoongoza shauri la kuipinga, na mwezi wa Machi 2004 Mahakama ya Katiba ikatamka kwamba ubaguzi huo unapingana na Katiba ya mwaka 1995. Yaani miaka 81 ilipita baada ya wenye mfano kuutupa mfano wao! Sheria mbovu haiondoki kwa uzee wake. Huondoka pale watu waliojipanga wanapoamua kuisukuma.

Askari wa zamu ayajua haya kuliko wengi. Ndiye anayepokea usiku malalamiko ya mama aliyefukuzwa na watoto wake. Na mwenzake wa jeshini, aliye mbali na nyumbani kwa miezi mingi, hupata barua ya kuvunjika kwa ndoa akiwa kazini. Wote wawili watafika siku moja mbele ya wakili. Wakimkuta aliyelelewa na chama chenye kanuni njema, nyumba itagawanyika pasipo watoto kugawanywa. Wakimkuta mchochezi, kituo cha polisi kitapata kesi nyingine.

Kwa sababu hiyo wakili anayegombea ujumbe wa kamati kama hiyo hana budi kujiuliza anatafuta nini. Akitafuta jina la kuandika mlangoni mwa ofisi yake, heri akae. Akiwa tayari kutoa jioni zake kusoma miswada, kuwafunza vijana wa kazi hiyo, na kudai marekebisho ambayo huenda yakapatikana baada yake, basi na asimame, na wenzake wampe kura.