Mjumbe na Hesabu za Serikali

Mkulima aliyewahi kuketi katika kamati ya chama cha ushirika aijua taabu hii. Karani huleta vitabu vya hesabu asubuhi ya mkutano, huvisoma upesi upesi, kisha huuliza kama wanakamati wamekubali. Mmoja aona kwamba fedha za mbolea zimezidi zile za mwaka uliopita, lakini hana wa kumweleza sababu isipokuwa karani yule yule. Basi huinua mkono pamoja na wenzake.

Wabunge wa Kenya walikuwa katika hali iyo hiyo kwa miaka mingi. Makadirio ya matumizi yaliletwa na Hazina, na mjumbe aliyetaka kuyachungua alilazimika kuiendea Hazina hiyo hiyo kuomba maelezo. Hata watumishi wa Bunge walikuwa chini ya Serikali. Badiliko lilikuja mwaka 1999, Katiba iliporekebishwa kwa juhudi za Mbunge Peter Oloo Aringo, ikaundwa Tume ya Huduma za Bunge ili Bunge liajiri watu wake lenyewe. Mwaka 2007 ikaanzishwa Ofisi ya Bajeti ya Bunge, nayo ni ofisi ya wataalamu wa uchumi na fedha ambao kazi yao ni kuzisoma hesabu za Serikali na kuwaeleza wajumbe maana yake.

Haja ya kazi hiyo ilidhihirika mwaka 2009. Katika makadirio ya nyongeza ya mwaka ule zilionekana hesabu zisizopatana, tofauti yake ikiwa kiasi cha Shs. 9.2 bilioni. Hazina ilisema kwamba ni kosa la kompyuta. Lakini lililowashangaza wengi ni kwamba miongoni mwa waliolifichua jambo hilo walikuwa raia wa shirika lisilo la Bunge. Raia hao wastahili sifa. Ila kazi ya kuhesabu fedha za umma wananchi walimpa mjumbe wao, wala hawakumpa mpita njia.

Katika mwaka huo huo sheria iliitambua Ofisi ya Bajeti, na sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka 2012 ikaithibitisha. Sheria yataka wafanyakazi wake wachaguliwe kwa ujuzi wao wa fedha, uchumi na mambo ya sera. Yafaa kuutazama muda walio nao. Taarifa ya sera ya bajeti hufika Bungeni kabla ya tarehe 15 Februari kupita, na Bunge lina siku 14 tu za kuijadili. Makadirio yenyewe hufika mwisho wa Aprili, na mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mjumbe aliyekuwa mwalimu, mfanya biashara au wakili, naye ana watu wa jimbo lake wanaomngojea mlangoni kila Jumamosi, atavisoma lini vitabu vile vizito?

Hapo ndipo msaada hufaa. Mjumbe atokaye katika nchi ya chai akiona fungu la mbolea ya ruzuku, aweza kuuliza ni kiasi gani kilitengwa mwaka uliopita, ni kiasi gani kilitumika kweli, na ni madeni gani ambayo hayajalipwa. Majibu ya maswali hayo matatu yana nguvu kuliko hotuba ya saa nzima. Iko pia taasisi ya mafunzo ya Bunge chini ya Tume ile ile, inayowafundisha wajumbe na watumishi wao. Semina ya siku mbili katika hoteli ya Mombasa ina faida yake, lakini haiwezi kushika mahali pa mtu anayekaa mezani mwaka mzima na vitabu vya hesabu.

Hata hivyo ofisi hiyo hushauri tu. Haina kura, wala haiwezi kumlazimisha mjumbe afungue ripoti iliyowekwa mbele yake. Lakini ripoti zake hutolewa hadharani, hata karani wa tarafa aweza kuisoma ile ya mwezi wa Februari na kufika katika mkutano wa mjumbe wake akiwa na swali lake mkononi.