MWENYE KADI AULIZWE

Wako wasemao ya kwamba chama kinapoungana na vyama vya nchi nyingine, shauri huwa la wakubwa peke yao, na mwanachama wa tawini kazi yake ni kutoa ada na kupiga makofi. Sisi hatukubali. Na tutazame yaliyowapata wenzetu.

Chama cha R.D.A. kilizaliwa Bamako, Oktoba 1946, kikaenea katika makoloni ya Ufaransa barani Afrika. Kila nchi ilikuwa na chama chake ndani ya umoja ule. Mtu aliingia kwa mlango wa chama cha nchi yake, na kwa mlango huo huo aliweza kutolewa. Mwaka 1955 wakubwa walikutana Conakry wakakifukuza chama cha Kameruni, U.P.C. Mkulima mwenye kadi ya U.P.C. alilala akiwa mwana-R.D.A., akaamka hana lake, wala hakuulizwa.

Mwaka 1958 Bwana Houphouët-Boigny, Rais wa R.D.A., alitaka watu waikubali Katiba ya Jenerali de Gaulle. Huko Guinea vijana, wanawake na wafanyakazi walishikilia Uhuru. Tarehe 14 Septemba mkutano wa chama chao ukaamua La, na tarehe 28 zaidi ya kura 95 katika kila 100 zilikuwa La. Tarehe 2 Oktoba Guinea ikawa huru. Umoja uliwashinda wa Kameruni. Wa Guinea waliushinda, kwa kuwa matawi yao yalikuwa na sauti.

Mwezi ule ule wa Septemba PAFMECA ilianzishwa Mwanza, na Z.N.P. na A.S.P. za visiwa vyetu vikaingia. Umoja ule ulikuwa wa vyama, si wa watu. Uliwapatanisha viongozi, lakini mapatano hayakudumu. Sulhu isiyofika barazani haina mizizi.

Hatusemi tusiungane na wenzetu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Twasema haya matatu. Shauri lisomwe matawini kabla ya kupigiwa kura. Mjumbe akirudi safarini aeleze alilolisema kwa jina letu. Na asifukuzwe mtu kabla ya kusikilizwa.

Nawe, ndugu mwanachama, haki hii haiji kwa aliyekaa nyumbani. Njoo mkutanoni, uliza, na usikubali kujibiwa kwa makofi.