Tulishinda Kesi, Tukabomolewa

Sisi Waogiek wa msitu wa Mau, Kenya, tumeshinda kila mahali isipokuwa nyumbani. Arusha tumeshinda. Geneva tukitajwa, wajumbe wanaitikia kwa vichwa. Lakini ingia ofisi ya ardhi na nakala ya hukumu mkononi uone: kijana wa kaunta anaigeuza mbele na nyuma, kisha anakuuliza namba ya ploti. Huna? Basi rudi wiki ijayo, mkubwa hayuko.

Mambo yenyewe yalianza zamani, maana hata tume ya ardhi ya Mwingereza, miaka ya thelathini, ilikataa kututengea eneo letu ikashauri tumezwe na majirani. Ila ya juzi ni haya. Oktoba 2009 tulipewa siku 30 tutoke msituni. Malalamiko yakafika Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Tume nayo ikapeleka kesi Mahakama ya Afrika, kule Arusha, mwaka 2012. Tarehe 26 Mei 2017 majaji wakasema serikali yetu imetuvunjia haki ya ardhi, ya dini, ya utamaduni, hata ya maendeleo. Wakaongeza kwamba kuhifadhi msitu si sababu ya kututoa, kwa sababu si sisi tuliouharibu.

Hilo la msitu ndilo linalotukera kupita yote. Sisi ni warina asali: mzinga wa mtarakwa unautundika wapi, kwenye kisiki? Mrina asali anataka mti uliosimama, tena wenye maua, na anataka nyuki wasisumbuliwe. Mwaka 2001 serikali ilipomega maelfu ya hekta za misitu, Mau ikiwa ndiyo iliyomegwa zaidi, tuliona wenyewe mbao zikiteremka kwa malori mchana kweupe. Hatukumwona mrina asali kwenye usukani. Wakubwa waliogawiwa wana hati, sisi tuna kesi. Leo Mto Mara, unaoanzia huku kwetu na kwenda kuwanywesha nyumbu hadi Serengeti, maji yakipungua kidogo tu, macho yote yanatugeukia.

Basi. Juni 2022 Mahakama ikakaa tena, safari hii kupanga fidia: shilingi milioni 57.85 kwa mali tuliyopoteza, milioni 100 kwa machungu, na ardhi yetu ipimwe tupewe hati ya pamoja ndani ya miaka miwili. Hapo hata wenye maduka walilegea wakaanza kutukopesha sukari. Novemba 2023, miaka miwili yenyewe haijatimia, wenzetu wa Sasimwani upande wa Narok wakavunjiwa nyumba, nyingine zikachomwa, na Mau mvua ya Novemba si ya kulala nje. Watoto walikuwa karibu na mitihani. Na wa dukani anadai sukari yake.

Tusiambiwe hatuna shukrani. Bila wageni waliotusaidia, wakiwemo mawakili wa shirika la Minority Rights Group la London, kesi isingefika popote. Tunachouliza ni hiki: ushirikiano wa mataifa unaishia wapi? Mahakama haina askari wala dalali wa kunadi gari la waziri. Inaandika barua. Serikali inajibu kwa kuunda kikosi kazi, kikosi kinaandika ripoti, ripoti inalala kabatini. Wa kuisukuma serikali ni serikali nyingine za Umoja wa Afrika, na nani kati yao atanyanyua mkono? Uganda yenye Wabatwa waliotolewa Bwindi? Tanzania yenye Wamaasai wa Loliondo? Kila mmoja ana msitu wake na watu wake aliowafukuza. Wanastahiana, kama wadaiwa wa duka moja.

Waendorois wa Ziwa Bogoria wangetuonya mapema. Wao walishinda kesi yao ya ardhi mbele ya Tume, Umoja wa Afrika ukauidhinisha uamuzi huo mwaka 2010, na mpaka wenzao wa Mau tunafika Arusha bado walikuwa wanafuatilia. Sisi tukadhani tofauti ni kwamba wao walipata uamuzi wa tume na sisi tuna hukumu ya mahakama, yenye majaji wa majoho. Majoho hayajafika Narok.

Kinachoudhi pia, hata sheria za nje hatuzihitaji sana. Kenya haikupiga kura ya ndiyo wala ya hapana Umoja wa Mataifa ulipopitisha Azimio la Haki za Watu wa Asili mwaka 2007, sawa, tuliache. Lakini Katiba ya 2010 tuliipigia kura wenyewe, na kifungu cha 63 kinasema ardhi ya mababu ya jamii za wawindaji na wakusanyaji ni ardhi ya jamii. Kimeandikwa kwa Kiswahili pia.

Juzi tumealikwa semina tena. Hoteli nzuri, nauli wanarudisha, fulana zipo, chakula cha mchana kuku. Mada ni kutuelimisha kuhusu haki zetu. Mama mmoja akauliza kama walioangusha nyumba za Sasimwani nao wamealikwa, maana wao ndio wenye shida ya kuzielewa. Akajibiwa kwa upole kwamba bajeti ya awamu hii ni ya jamii tu.