Waraka kwa Wazazi wa Kiwengwa juu ya Watoto Wetu na Gemu



Ndugu zangu, baba zangu na mama zangu, kaka na dada tunaoshirikiana chuo kimoja cha Kurani, msikiti mmoja na pwani moja: nakuandikieni kwa mapenzi, lakini kwa moyo mzito. Baada ya sala ya Magharibi watoto wetu walikuwa wakijaa chuoni, sauti zao zikisikika mpaka barabarani. Siku hizi mikeka ina nafasi. Ukiuliza wako wapi, utaambiwa wengine wamo kwenye kibanda cha PS wakisubiri zamu ya mechi, na wengine wamejifungia chumbani na simu ya mzazi, wanacheza gemu la Free Fire. Yuko mama mwenzetu ambaye pesa zake za mwani, alizozifunga kwenye ncha ya kanga, zilikuwa zikipungua kidogo kidogo, mpaka akagundua kuwa zinaishia kwenye bando.

Kabla hatujamgeukia mtoto kwa bakora, tujiulize simu ilimfikia vipi. Maisha yetu tunayajua. Baba anaingia zamu hotelini alasiri, anarudi usiku mkubwa. Mama anafuata kupwa na kujaa kwa maji. Bamvua likifika yumo kwenye mwani tangu bahari inapotoka, akirudi mgongo unamuuma na jiko halijawashwa. Mtoto anasumbua, simu ipo: chukua, tulia. Akatulia kweli, nasi tukashukuru, mpaka ikawa hatulii tena ila kwa simu. Lakini mama zetu nao walikwenda pwani, na baba zetu walilala baharini. Mtoto alibaki na bibi, na shangazi, na jirani aliyekuwa na haki ya kumkanya kama aliyemzaa mwenyewe. Leo jirani akimkanya mwana wa mtu, sisi ndio tunaomjia juu mlangoni. Malezi ya pamoja tuliyoachiwa na wazee wetu tumeyavunja kwa mikono yetu, na hilo ndilo linalonihuzunisha kuliko gemu lenyewe.

Itazameni sinia ya chakula cha usiku. Mtoto ameshika tonge mkono wa kulia, simu mkono wa kushoto, kioo kina alama za mchuzi, na akiulizwa amekula nini hajui. Baba, siku aliyobahatika kuwepo, naye anapitisha kidole kwenye simu yake. Tutamwambia nini mtoto huyu akatusikiliza?

Simwombi mzazi aharamishe mchezo. Sisi tulicheza nage na kibe, tukashindanisha vingalawa kwenye maji ya ufukweni, na hatukuharibika. Ila nage iliisha jua likizama. Gemu hizi zimetengenezwa zisiishe: zinamtunuku mtoto kila siku akiingia, na siku asipoingia anajiona ameachwa nyuma na wenziwe. Wanaozitengeneza ni watu wazima wenye elimu, na hiyo ndiyo kazi yao. Mtoto wa miaka 10 hawezi kupambana nao peke yake. China, tangu Septemba 2021, imeyaagiza makampuni yasiwaruhusu watoto kucheza gemu za mtandaoni ila kwa muda wa saa moja tu usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Kwetu mlango wa gemu anaufunga mzazi.

Wala tusimwite kila mtoto apendaye gemu kuwa mgonjwa. Shirika la Afya Duniani linautambua uraibu wa gemu kuwa maradhi, katika orodha yake ya maradhi iliyoanza kutumika Januari 2022, lakini limeweka alama zake: mtu hawezi tena kujizuia, gemu limetangulia mbele ya kila jambo, na anaendelea ijapokuwa anaona madhara, hali hiyo kwa kawaida ikidumu mwaka mzima. Mwenye mtoto wa namna hiyo asimfiche kwa aibu. Ampeleke kwa daktari, nasi tumsaidie.

Kwa watoto waliobaki, nakusihini tuanze na jambo moja. Kuanzia adhana ya Magharibi mpaka baada ya Isha, simu zote za nyumba ziwekwe mahali pamoja, ya baba na ya mama zikiwemo. Aliye zamu kazini amwachie mkewe, dada yake au jirani amri hiyo, na amri yake iheshimiwe. Wakati wa kucheza tupatane na watoto mapema, tusiwanyang'anye katikati. Mechi moja ya Free Fire huchukua kama dakika 10. Mwambie hii ndiyo ya mwisho, umsubiri amalize, kisha ushike neno lako hata akilia. Na siku moja moja kaeni naye, mumwombe akufundisheni anavyocheza. Mtajua anacheza na nani, na atajua kuwa hamumchukii.

Wenye vibanda vya PS ni ndugu zetu na wanatafuta riziki. Ijumaa hii baada ya sala tutakaa nao, pamoja na sheha, tuwaombe wasipokee watoto wakati wa skuli wala wakati wa chuo. Njooni nyote, na kina mama tumewatengea nafasi.

Wabillahi tawfiq.

Ndugu yenu,
Mwenyekiti wa Kamati ya Wazazi wa Chuo, Kiwengwa