Deni Tunalodaiwa na Mbwa

Mnyama anayetukanwa kuliko wote katika lugha yetu ndiye alalaye mlangoni petu. Mtu mwovu huitwa mbwa. Maisha ya taabu huitwa maisha ya mbwa. Na chakula kibaya husemwa kwamba hata mbwa hakili. Lakini usiku uingiapo Kuruwitu, upepo wa kusi uvumapo katika minazi na kila kishindo kikadhaniwa kuwa ni mwizi, hapana mwenye nyumba amwitaye paka, wala mbuzi, wala jogoo. Humtegemea yule yule aliyemtukana mchana. Nakuomba, ewe msomaji, ulitazame jambo hili bila ya kucheka, maana nia yangu ni kushtaki, na washtakiwa ni watu wa nyumba zetu, wakubwa kwa wadogo, nawe huenda ukawa mmoja wao.

Mbwa tumjuaye ni huyu: rangi yake ya mchanga, mbavu zake zahesabika, masikio yake yametafunwa na nzi, na ndani ya masikio hayo kupe wamenenepa kama mbegu za mbarika. Hana jina; au akiwa nalo, ni lile la kumfukuzia. Asubuhi hupita majaani na pwani akitafuta vichwa vya samaki. Mchana wengine hufika mpaka barabara kuu ya Mombasa na Malindi, na huko wengi humalizikia chini ya magurudumu. Jioni aliyesalimika hurudi nyumbani kulinda mali ya watu ambao hawakumpa hata maji. Akikaribia jiko hupigwa kwa kijinga cha moto. Akizaa, watoto wake hutiwa katika gunia wakatupwa kichakani. Hayo huitwa kufuga mbwa.

Wala haifai kuniambia kwamba watu wa Kuruwitu hawajui kutunza viumbe. Mwaka 2003 wavuvi na wazee, walipoona samaki wamepungua, waliunda chama cha kuihifadhi bahari yao; na mwaka 2005 wakatenga sehemu ya bahari, yapata hekta 30, wakaiita tengefu, wakakatazana kuvua humo. Kumwambia mvuvi asivue ni karibu sawa na kumwambia asile. Hata hivyo walishikamana, samaki wakaongezeka, na mwaka 2017 chama hicho kilipewa Tuzo ya Ikweta na shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. Wageni huja kutoka mbali kujifunza kwetu namna ya kumhurumia tafi na pono. Je, mji ulioweza kujinyima sehemu ya bahari kwa ajili ya samaki, utashindwaje kumpa mbwa kifuu cha maji?

Najua udhuru wa kwanza nitakaojibiwa. Nitaambiwa dini. Huu nitaukalia kidogo, kwa sababu wausemao ni wengi na wanaouchunguza ni wachache. Katika Sura ya Pango ya Kurani wametajwa vijana waliolala pangoni miaka mingi, na mbwa wao ametajwa pamoja nao, amejinyoosha kizingitini. Katika Sura ya Maida limehalalishwa windo lililokamatwa na wanyama waliofunzwa kuwinda. Hadithi nayo yasimulia habari ya mtu aliyemwona mbwa akila udongo kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake akamnywesha, na kwa tendo hilo akasamehewa dhambi zake. Ni kweli kwamba madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani hii, yafundisha kuwa mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba kioshwe mara saba, moja katika hizo kwa udongo. Lakini hiyo ni sheria ya kuosha chombo. Si ruhusa ya kumvunja mbwa mguu kwa jiwe. Mtu aweza kumtengea mbwa bakuli lake, akamweka uani asiingie chumbani, naye akabaki na udhu wake na mbwa akabaki na uhai wake. Na Mkristo asikae akitabasamu, akidhani namsuta jirani yake peke yake: mbwa wa nyumba za Wakristo wana mbavu zile zile.

Udhuru wa pili ni umaskini. Yasemwa kwamba kumtunza mbwa ni anasa ya wenye majumba ya ufukoni, ambao mbwa wao hupanda gari kwenda kwa daktari. Huu sina haja ya kuujibu kwa maneno mengi. Sikuambii umlaze mbwa kitandani wala umvike nguo. Hayo waachie wenyewe. Mbwa ataka maji safi kila siku, na katika joto la Februari ataka mara mbili. Ataka sima iliyobaki na vichwa vya samaki ambavyo vingetupwa. Ataka kivuli, na afungwapo, ataka kamba ndefu isiyomnyonga, tena afunguliwe. Ataka kutolewa kupe kwa mkono wenye subira, na dawa ya minyoo kila baada ya miezi michache. Kilicho ghali hapo ni kipi? Ghali ni kuwa na mbwa watano bila ya kuwaangalia, wakati ambapo mmoja aliyeshiba angelinda mji vizuri zaidi kuliko wote. Hata sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, yaani Sura ya 360, yahesabu kuwa ni kosa kumnyima mnyama wako chakula na maji.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Mpaka hapa huenda umedhani kwamba nawatetea mbwa. Nakutetea wewe.

Uko ugonjwa uitwao kichaa cha mbwa. Virusi vyake hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa, huingia mwilini kwa jeraha la meno au kwa mchubuko ulioguswa na mate hayo, kisha husafiri polepole katika mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo. Safari hiyo yaweza kuchukua wiki chache, nayo yaweza kuchukua miezi. Kwa kawaida ni miwili au mitatu. Katika muda huo mtu haoni kitu. Jeraha limepona, watu wamesahau. Lakini dalili zikishaonekana, mgonjwa akaanza kuogopa maji na kushindwa kumeza, karibu hapana tena tabibu awezaye kumwokoa. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi wao katika Afrika na Asia. Na katika kila kumi, wanne ni watoto wasiotimiza miaka 15. Karibu wote waliupata kwa mbwa. Tafakari, msomaji: ni mkono wa nani umpao mbwa mfupa? Ni nani amchezeaye mbwa mkia? Si mzee wa mtaa. Ni mdogo wako.

Wala si ugonjwa usiojulikana dawa yake. Mwezi wa Julai 1885 huko Paris, Louis Pasteur alimchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka tisa aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, na mtoto yule akaishi. Hapa Kenya ugonjwa ulithibitishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1912, katika mbwa, karibu na Nairobi. Na mwaka 2014 serikali ilitoa mpango wa kukomesha vifo vya watu ifikapo mwaka 2030. Kwa hiyo ni zaidi ya miaka mia moja sasa tangu adui huyu ajulikane kwa jina na kwa silaha ya kumpiga. Aliyeumwa na mbwa aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15 kamili. Asitie pilipili, wala mafuta ya taa, wala majani. Kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akapate chanjo, arudie sindano zote kama alivyoagizwa. Lakini sindano hizo ni ghali, na si kila zahanati inayo. Chanjo ya mbwa ni rahisi mno kwa kulinganisha: mara moja kwa mwaka, kuanzia umri wa miezi mitatu. Anayesema hana fedha za kumchanja mbwa, amepiga hesabu yake kinyume.

Tena wataalamu wametuambia kiasi kinachotosha: mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Usidhani kuwa hayo ni ya Ulaya tu. Tazama kisiwa cha Pemba, ambako misikiti haihesabiki na mbwa hawapendwi kuliko wanavyopendwa kwetu. Ugonjwa uliingia huko mwishoni mwa miaka ya 1990. Mbwa wakachanjwa kwa wingi, na mwaka 2014 ukakatika. Mwaka 2016 ukarudi, umeletwa na mbwa kutoka nje ya kisiwa. Watu wakachanja tena, na kufikia mwaka 2018 ukakatika mara ya pili. Basi waliofanya hayo hawakulazimika kwanza kumpenda mbwa. Walilazimika kumchukua kwa kamba mpaka penye daktari wa mifugo.

Sisi je, huwa twafanya nini? Mbwa akiuma mtu, ushauri wa kwanza usikikao ni sumu. Nyama hutiwa sumu, hutupwa njiani usiku, na asubuhi mbwa hulala wamekakamaa, meno nje. Wenye kufanya hivyo hujiona wameokoa mji. La hasha! Sumu haichagui. Huua mbwa aliyechanjwa pamoja na asiyechanjwa. Huua paka, kuku na kipanga. Na mtoto anayetambaa haijui kuwa si mbwa. Kisha, kwa kuwa kila mji wataka mlinzi, baada ya miezi miwili watu huleta watoto wa mbwa kutoka vijiji vingine, wote bila ya chanjo, na pengine ugonjwa huja ndani ya kikapu kile kile. Mwenye kuua mbwa waliochanjwa amebomoa ukuta kwa kuwa mwizi aliruka juu yake.

Neno moja zaidi, nalo ni la wenye kuipenda tengefu. Kasa jike hupanda ufukoni usiku, huchimba shimo, hutaga mayai yake zaidi ya 100, akarudi baharini akiyaacha katika ulinzi wa mchanga, na mayai hukaa humo yapata miezi miwili. Mbwa mwenye njaa huyafukua kwa muda mfupi kuliko utakaoutumia kusoma ukurasa huu. Watu humlaumu mbwa. Mimi namlaumu aliyemtoa uani usiku bila ya kumlisha. Mbwa aliyekula jioni na kubaki nyumbani hulinda mali na hulinda kasa kwa wakati mmoja, bila hata ya kujua.

Wewe uliye shuleni huna ng'ombe, huna shamba, wala huna sauti katika baraza la wazee. Lakini mbwa wa nyumbani kwenu yumo mikononi mwako kuliko mikononi mwa baba yako. Mpe jina. Mwite kwalo kila umpapo maji. Mfundishe mdogo wako asimguse mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha, na asimkimbie mbwa asiyemjua, bali asimame kimya. Ukiona mbwa mpole amekuwa mkali ghafula, au mkali amekuwa mpole ghafula, sauti yake imebadilika, taya limelegea na mate yanamtoka, usimkaribie wala usimrushie jiwe: mwambie mtu mzima, naye apeleke habari kwa chifu au kwa afisa wa mifugo.

Na siku ya chanjo itangazwapo, baba huenda atakuwa baharini na mama sokoni, nao watu wenye sindano watakuwa wageni ambao mbwa hatakubali kushikwa nao. Atakubali kushikwa na wewe. Tafuta kamba leo, umzoeze kuivaa shingoni kidogo kidogo. Kwa maana mbwa asiyewahi kufungwa kamba hukimbilia kichakani amwonapo daktari, na asiyechanjwa siku hiyo huenda akangoja mwaka mzima.