Pumzi Hutangulia, Mfupa Huchelewa



Safu ya juma hili naiandika nikiwa Tassia, upande wa Eastlands, Nairobi, ambako jamaa zetu wengi waliotoka Pwani wamefanya makao. Hapa nyumba zimesimama ghorofa juu ya ghorofa, nyingi hazina lifti, na mama wa ghorofa ya tano hupanda na kushuka ngazi mara nyingi kwa siku, pengine na ndoo ya nguo mkononi. Kwa hivyo mtu asiseme kwamba wanawake wa mtaa huu hawajui kazi ya miguu. Hata hivyo, ni miguu hiyo hiyo iliyomshinda jirani yangu.

Miezi michache iliyopita mama huyo, mwenye watoto wanne na umri uliopita miaka 40, alipimwa damu akaambiwa kwamba sukari imeanza kupanda. Alishauriwa apunguze uzito na auzoeshe mwili mazoezi. Mamake mzazi aliugua kisukari mpaka akakatwa mguu, basi maneno yale hayakuingia sikio la kulia yakatokea la kushoto. Kesho yake, baada ya swala ya alfajiri, alivaa raba na buibui jepesi, akamchukua bintiye wa miaka 16, wakatoka kukimbia katika njia ya waendao kwa miguu kando ya barabara ya Outer Ring. Juma la kwanza walikimbia dakika 10. Juma la pili dakika 20, kila siku. Juma la tatu aliamka akashindwa kushuka ngazi kwa maumivu ya muundi, ule mfupa wa mbele wa mguu chini ya goti.

Majirani walikuwa na majibu tayari. Mmoja alisema ni baridi imeingia mifupani; mwingine alilaumu raba; wa tatu akasema ni umri. Akasuguliwa mafuta ya habasoda, yakamliwaza usiku, na asubuhi maumivu yakarudi pale pale. Akaniambia, "Dada, kukimbia si kwa watu kama sisi. Miguu yangu imekataa."

Sikukubali, na leo nataka kueleza kwa nini. Miguu yake haikukataa kukimbia, ilikataa haraka. Baina ya mambo hayo mawili pana tofauti kubwa, na afya ya mama huyu inategemea kuijua.

Tuanze na unyayo wenyewe. Unyayo mmoja una mifupa 26, iliyopangwa kama tao la mlango wa kale na kushikwa pamoja na kano na misuli. Tao hili lina kazi mbili zinazopingana. Unyayo unapogusa ardhi, hulegea na kulala kidogo upande wa ndani, ili kishindo kisambae. Mara tu mwili unapopita mbele, unyayo huohuo lazima ukaze na uwe mgumu kama nyenzo, ili mtu ajisukume. Chini yake umetandazwa utando mnene unaotoka kisiginoni hadi vidoleni. Keti, shika kidole gumba cha mguu ukivute juu kwa mkono, utauona utando huo ukikaza na tao likiinuka. Ndivyo inavyotukia katika kila hatua kisigino kinapoacha ardhi.

Nguvu ya kujisukuma hutoka kwenye shavu la mguu, yaani nyama ya nyuma chini ya goti. Humo mna misuli miwili mikubwa: mmoja wa juu unaoonekana kwa macho, na mwingine bapa uliofichika chini yake, ambao ndio hubeba sehemu kubwa ya kazi ya kukimbia. Yote miwili huungana katika kano ya kisigino, ile kamba nene unayoweza kuibana kwa vidole nyuma ya kifundo cha mguu. Misuli hii ikichoka, tao la unyayo hulala zaidi na kwa muda mrefu zaidi, na mfupa wa muundi hupinda kidogo sana, kiasi kisichoonekana, katika kila hatua.

Sasa tufanye hesabu. Mtu anapokimbia, mguu hupokea kutoka ardhini nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wake. Mama wa kilo 80 huutwika mguu mmoja mzigo wa kilo 160 hadi 240 kwa kila hatua. Akipiga hatua 160 kwa dakika, katika dakika 20 kila mguu umetua mara 1,600. Mwili unaweza kuyabeba hayo, ila haukuzaliwa umeyazoea.

Hapa ndipo penye siri. Moyo na pumzi huzoea mazoezi katika majuma machache, na mtu huona mwenyewe kwamba hahemi kama siku ya kwanza. Mfupa una mwendo wake. Ukipewa mzigo mpya, kwanza hubomoa sehemu zilizochakaa, kisha hujenga upya, na kazi hiyo huchukua miezi. Katikati ya kubomoa na kujenga, mfupa huwa dhaifu kidogo kuliko ulivyokuwa. Jirani yangu aliongeza dakika kwa sababu kifua kilimruhusu. Hakujua kwamba mguu ungali nyuma. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na mfupa ni shahidi wao.

Vipi kuhusu viatu na namna ya kukanyaga? Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichapisha utafiti uliowahusu, miongoni mwa wengine, vijana wa Kikalenjin wa Bonde la Ufa waliozoea kukimbia bila viatu. Wengi wao walitua kwa sehemu ya mbele ya unyayo, na kishindo chao kikawa kidogo. Ulimwengu ukadhani jibu limepatikana. Lakini mwaka 2013 watafiti wengine waliwapima Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, ambao nao wamezoea kwenda pekupeku, wakakuta wengi wao, kwa mwendo wao wa kawaida, wanatua kwa kisigino. Naye Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 bila viatu, akashinda tena Tokyo mwaka 1964 akiwa na viatu. Funzo ni kwamba hakuna mkanyago mmoja wa kila mtu. Atuaye kwa mbele huuhamisha mzigo kutoka gotini na kuupeleka kwenye shavu la mguu na kano ya kisigino, mzigo haupotei. Ikiwa ni kubadili kitu, aghalabu hufaa zaidi kufupisha hatua kidogo, mguu utue karibu na mwili. Na kiatu, kiwe kipya au cha mtumba, kisibane, kisiwe kimeliwa upande, na mguu ujisikie raha ndani yake.

Mahali pa maumivu pana maana. Yakiwa upande wa ndani wa muundi, yameenea kwa upana wa vidole vitatu au zaidi, kwa kawaida ni mfupa na utando wake vilivyochokozwa na mzigo. Yakiwa chini ya kisigino na makali zaidi katika hatua za kwanza za asubuhi, ni ule utando wa unyayo. Kutembea pekupeku juu ya sakafu ngumu huyazidisha, basi vaa ndara laini hata nyumbani. Yakiwa nyuma, juu kidogo ya kisigino, pamoja na ugumu wakati wa kuamka, ni kano.

Yapo pia maumivu yasiyongoja. Ukiweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole kimoja juu ya mfupa, na yakikuuma hata umelala, yamkini mfupa umeanza kupata ufa. Acha kukimbia, nenda kwa daktari, na ujue kwamba picha ya eksirei katika majuma ya mwanzo huenda isionyeshe kitu. Shavu la mguu mmoja likivimba, likawa na joto na kuuma, hasa baada ya kujifungua au safari ndefu, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwani huenda damu imeganda mshipani. Na mwenye kisukari achunguze nyayo zake kila siku, maana mguu uliokufa ganzi hausemi unapoumia.

Kina mama, tuwatazame na binti zetu. Msichana anayekimbia sana, akala kidogo, kisha hedhi yake ikakatika, mifupa yake imo hatarini hata kama anaonekana mzima. Muulize kwa upole bila kumwonea haya, umpeleke kwa daktari. Nasi tunaojisitiri na kushinda ndani ya nyumba hizi za ghorofa tunaweza kupungukiwa na vitamini D, ambayo mfupa huihitaji ili kutumia chokaa ya chakula. Kipimo cha damu hubainisha hilo.

Dawa kubwa ya jirani yangu ilikuwa mlangoni pake: ngazi. Maumivu yalipotulia, alianza kusimama ukingoni mwa kidato, vidole juu na visigino vikining'inia, mkono umeshika ukuta. Huinuka kwa hesabu ya tatu, akashuka kwa hesabu ya tatu, mara 10, akapumzika, akarudia mara mbili. Siku moja magoti yamenyooka, ili kuupa kazi msuli wa juu. Siku nyingine yamekunjwa kidogo, ili kuufikia ule uliofichika. Hufanya hivyo siku moja na kuacha moja. Mwenye maumivu ya kisigino anaweza kuweka taulo lililokunjwa chini ya vidole, utando wa unyayo nao upate kuimarika.

Kukimbia kulisimama kwa muda, lakini kutembea hakukusimama. Alipoweza kutembea dakika 30 bila maumivu, ndipo aliporudi: dakika moja ya kukimbia, nne za kutembea, mara nne, siku tatu kwa juma. Kanuni yake ni nyepesi. Maumivu madogo yanayokwisha kabla ya asubuhi yanavumilika. Yanayozidi kesho yake yanamwambia apunguze. Wala haongezi dakika na kasi kwa wakati mmoja.

Juma lililopita nilikutana naye ngazini, mimi nashuka, yeye yupo ukingoni mwa kidato na bintiye akimhesabia. Bado hajakimbia dakika tano mfululizo, na sukari yake itapimwa tena mwezi ujao. Matokeo ni ya Mwenyezi Mungu. Nikamuuliza kama miguu ingali imekataa. Akacheka, akaniambia, "Haikukataa, dada. Ilikuwa inaomba muda."

Basi, mama unayesoma haya Likoni, Malindi au Lamu, ukianza mazoezi na mguu ukalalamika, usiupuuze wala usikate tamaa. Usikilize, upunguzie mzigo, kisha uujenge. Haba na haba hujaza kibaba, na mfupa nao hujazwa vivyo hivyo.

Tukutane juma lijalo, inshallah.